Hajulikani na Nani?

Naanzia kituo cha daladala. Kila asubuhi makondakta wa jiji letu la Dar es Salaam wanakaukwa na koo kwa kuita, "Makumbusho! Makumbusho! Twende Makumbusho!" Abiria wanajazana, wengine mguu mmoja ndani mmoja nje. Mgeni asiyejua atadhani watu wa Dar wana mapenzi makubwa na mambo ya kale. Kumbe wapi! Sote tunakwenda stendi kuunganisha gari. Kijiji cha Makumbusho chenyewe, kilichofunguliwa mwaka 1967 na kuipa sehemu ile jina lake, kipo palepale kando ya Barabara ya Bagamoyo, na nyumba zake za jadi za makabila mbalimbali, nasi tunapishana nacho kama tunavyopishana na ukuta wa kiwanda.

Na mimi nimo. Nimepita pale nenda rudi kwa miaka bila kuingia hata siku moja. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nimekuja kunyoosha kidole huku vidole vingine nimevificha mfukoni. Nina ugomvi na wenye majumba ya sanaa, na nitautoa wote. Lakini nina ugomvi na sisi vijana vilevile, hasa sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Huo nitaumalizia mwishoni.

Mimi ni kijana wa Manzese. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yalipotoka nikajua safari ya shule imeishia hapo. Nina kauntabuku tatu zilizojaa riwaya moja ambayo hadi leo haijapata mchapishaji. Mchana nauza vocha na chaja za simu, usiku naandika. Mama yangu ni Mmakonde wa Newala, na kaka yake, yaani mjomba wangu, ni mchongaji wa vinyago pale Mwenge. Ameanza kushika patasi kabla sijazaliwa. Haya nayaeleza kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwenye kisa chenyewe.

Mwaka jana kulikuwa na maonyesho ya uchongaji katika jumba moja la sanaa hapa jijini. Jina la jumba hilo nalihifadhi. Sikuja hapa kumchongea mtu kazi yake, na ugonjwa ninaousema si wa nyumba moja. Nitoe tu wasiwasi kwamba halikuwa Makumbusho ya Taifa wala Kijiji cha Makumbusho. Tangazo niliona kwenye simu ya rafiki yangu: ufunguzi Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, wote mnakaribishwa. Nikasema hapa pananihusu. Nikafunga kibanda mapema, nikapanda mwendokasi hadi mjini.

Getini mlinzi akanitazama juu hadi chini, akaniuliza, "Kijana, unaleta mzigo gani?"

Nikamwambia sina mzigo, nimekuja kwenye maonyesho.

"Una kadi?"

"Kadi ya nini, kaka? Wameandika wote mnakaribishwa."

"Leo ni ya wenye kadi, bwana. Njoo siku nyingine."

Nyuma yake niliona magari yenye namba za kibalozi, taa nzuri bustanini, na watu wameshika glasi. Nikala kona. Yule mlinzi simlaumu hata kidogo. Yeye kaambiwa aangalie viatu, naye kaangalia viatu. Tena namheshimu, maana katika wasifu wa George Lilanga, bingwa wetu wa uchongaji na uchoraji aliyefariki mwaka 2005, inaelezwa kwamba alipofika Dar es Salaam kazi aliyoanza nayo pale Nyumba ya Sanaa ilikuwa ya ulinzi. Baadaye kazi za mikono yake zikanunuliwa na wakusanyaji wakubwa wa Ulaya. Kwa hiyo pengine geti lile linalindwa na Lilanga mwingine, na waliomo ndani wakinywa mvinyo kwa heshima ya sanaa hawana habari.

Nilirudi Jumamosi. Safari hii nilivaa shati lenye kola na kushika kauntabuku kwapani, nikapita bila kuulizwa. Kiingilio bure. Ndani baridi kama jokofu, na watu hatukuzidi sita. Vinyago vimepangwa juu ya vijimeza vyeupe, kila kimoja na taa yake. Nasema kweli, vilipendeza. Nilivizoea vikiwa vimelala kwenye vumbi la Mwenge, vimebanana kama mihogo sokoni. Pale kila kimoja kilikuwa kimepewa nafasi ya kupumua, na nikakiri moyoni kwamba waliopanga wanajua kazi yao.

Maelezo yote ukutani yalikuwa kwa Kiingereza. Bango kubwa la mlangoni, Kiingereza. Vikaratasi vya kila kinyago, Kiingereza. Kiswahili pekee nilichokiona kilikuwa chooni: "Tafadhali funga maji."

Basi nikawa napita kinyago kimoja kimoja, nasoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, mpaka nikafika mbele ya mama amekaa chini na mtoto mgongoni, anatwanga. Mpingo mweusi, kimo kama cha mtoto wa miaka mitatu. Nikainama kutazama miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole sita.

Sasa nieleze. Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa na vidole sita mguu wa kushoto. Mjomba tangu ujana wake hajawahi kuchonga mwanamke aliyekaa chini bila kumpa kile kidole cha sita. Hakumwambia mteja yeyote. Ndiyo saini yake, maana saini ya maandishi walimkataza. Dalali aliyekuwa akinunua kazi zake miaka ya 1990 alimwambia waziwazi: usiandike jina, wazungu wakiona jina wanajua ni kipya, wanataka cha kale. Mjomba akatii, maana watoto walikuwa wanataka kula. Mama huyu anayetwanga aliuzwa mwaka 1994 kwa shilingi elfu nane. Mjomba anaikumbuka bei kwa sababu ndiyo aliyonunulia mabati.

Nikasoma kikaratasi. Kiliandikwa hivi, natafsiri: Mama na mtoto. Makonde. Karne ya 20. Mpingo. Mchongaji hajulikani. Halafu chini yake, kwa herufi nene, likafuata jina kamili la mzungu mmoja, la kwanza, la kati na la ukoo, kwamba kinyago hiki ni kwa hisani ya mkusanyo wake.

Jamani! Aliyenunua ana majina matatu. Aliyechonga hana hata moja.

Nikamfuata dada mmoja aliyekuwa mezani, Mtanzania mwenzangu, mpole, tena mstaarabu. Nikamwambia, "Dada, samahani, kile kinyago namba kumi na moja mchongaji wake anajulikana. Ni mjomba wangu. Yuko Mwenge sasa hivi anakunywa chai." Akatabasamu, akaniuliza nina uthibitisho gani. Nikamweleza habari ya kidole. Akauliza kama kuna risiti, picha ya zamani au barua ya mauzo. Risiti! Ya kinyago kilichouzwa chini ya mwembe mwaka 1994! Mwisho akaniambia niandike barua pepe kwa wahusika. Nikaandika, kwa Kiswahili safi, kurasa mbili. Baada ya wiki mbili nikajibiwa kwa Kiingereza, mistari mitatu, kwamba wanashukuru kwa kuvutiwa na maonyesho yao. Wakati huo maonyesho yalikuwa yamekwisha na vinyago vimesharudi kwa wenye hisani.

Hapa niwe mkweli. Suala la uthibitisho si la kuchekwa. Kidole cha sita hakitoshi mahakamani, na mimi ningekuwa yule dada ningeuliza vilevile. Mtu yeyote anaweza kuingia pale na kudai kila kinyago ni cha mjomba wake. Lakini nauliza: kabla ya kuandika kwamba mtu hajulikani, ni nani aliyekwenda kumtafuta? Kutoka mjini hadi Mwenge si safari ya kufungia mkate. Chukua picha ya kinyago, panda daladala, waulize wazee waliokaa pale na mashoka yao. Wanatambuana kwa mkono wa patasi kama sisi tunavyotambuana kwa mwandiko. Wangekuambia huyu ni fulani, na huyu ni fulani marehemu, na huyu ni mwanafunzi wa fulani anamwiga mwalimu wake. Kama wangekwenda, wakauliza, wakakosa jibu, ningevua kofia. Hawakwenda. Basi neno la haki la kuandika pale lilikuwa moja tu: Hatukuuliza. "Hajulikani" ni neno la uongo, maana linamtwisha mchongaji kosa la aliyekaa ofisini.

Hajulikani na nani? Mama yangu anamjua. Mwenye duka la sandarusi pale Mwenge anamjua, tena anamdai. Mimi namjua.

Tuchukue mfano mwingine tuone kama haya mambo hayawezekani. Makumbusho ya Taifa yetu, ambayo yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la kumkumbuka Mfalme George wa Tano wa Uingereza, yanatunza fuvu la Zinjanthropus. Fuvu lile lina umri wa miaka milioni moja na robo tatu hivi. Tunajua lilipopatikana, bonde la Olduvai. Tunajua aliyeliona, Mary Leakey. Tunajua hata tarehe, 17 Julai 1959. Kiumbe aliyekufa kabla ya kuwapo kwa lugha yoyote tunayoijua amepewa jina, tarehe na mahali, kwa sababu kuna mtu aliyeinama, akatazama, akaandika. Mzee aliye hai, mwenye kitambulisho cha taifa na namba ya simu, ameandikwa hajulikani. Tofauti ya wawili hawa ni daftari tu.

Tena mnajua Makumbusho ya Taifa yako mtaa gani? Mtaa wa Shaaban Robert! Mzee wetu huyo, aliyefariki mwaka 1962 baada ya kuitumikia lugha hii nathari na ushairi, amepewa mtaa katikati ya jiji. Waliochagua kulitundika jina lake pale walifanya jambo jema. Lakini ukitembea mjini humo humo ukaingia katika maonyesho mengi yanayofunguliwa kwa mbwembwe, lugha ya Shaaban Robert hutaikuta ukutani. Utaikuta getini, inakuuliza una kadi?

Najua majibu yao, maana nimewahi kubishana nao. Nitayapanga moja baada ya jingine.

La kwanza, wanasema fedha zinatoka kwa wafadhili, kwa hiyo lugha ni ya wafadhili. Sawa. Siwachukii wafadhili. Bila vituo vya utamaduni vya nchi za nje, wachoraji wengi wa jiji hili wasingekuwa na ukuta wa kutundikia picha zao, huo ni ukweli. Lakini kikaratasi cha kinyago kina maneno thelathini. Kukitafsiri ni kazi ya dakika kumi. Mfadhili aliyelipia taa, mvinyo na kiyoyozi hawezi kukataa wino wa maneno thelathini, isipokuwa kama hakuna aliyemwomba. Na kama tatizo ni mtafsiri, humu gazetini tupo wengi. Tutakuja kwa nauli tu.

La pili, wanasema wananchi hawapendi sanaa, hata ukiwaita hawaji. Huu ni uzushi. Nendeni Kijiji cha Makumbusho siku kabila fulani linapoonyesha ngoma zake, vyakula vyake na mila zake, mkaone watu wanavyofurika. Wameitwa kwa lugha yao na kwa jambo lao, wamekuja. Tazameni vibanda vya vinyozi Manzese na Tandika, kila kimoja na picha zake ukutani. Tazameni daladala zilivyopambwa. Soma khanga za mama zetu. Watu hawa wanaishi na picha na maneno toka asubuhi hadi usiku. Mnawafungulia mlango Alhamisi jioni kwa kadi, halafu mnashangaa hawakuja Jumamosi?

La tatu ndilo la kisomi zaidi. Eti sanaa ya Mwafrika ni ya jumuiya, wala haina mwenyewe, jina ni mambo ya kizungu. Hili nilielezwa na kijana mmoja wa chuo kikuu, kwa ufasaha mkubwa. Nikamuuliza shahada yake imeandikwa jina la jumuiya au la kwake? Hakunijibu. Ni kweli kuna kazi za ushirika, na zile nguzo za ujamaa ambazo watu wamepandana mabegani mara nyingine zimepita mikono mingi. Basi iandikwe mikono mingi, itajwe. Lakini tusigeuze ushirika kuwa shimo la kuzikia majina. Mwenge kila mchongaji anajua kipi chake na kipi cha jirani, na ukikosea atakurekebisha kwa ukali.

Na majina yanapotunzwa, tazama faida yake. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama sisi. Hakusoma chuo chochote cha uchoraji. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za dari, kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, akawa anauza Oysterbay, pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Alichora kwa miaka kama minne tu! Lakini picha zake alizitia sahihi. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, na wafuasi wake wakaunda chama cha ushirika mwaka 1990, familia nyingi zimesomesha watoto kwa jina hilo. Jina ni mtaji, ndugu zangu. Anayekunyima jina amekunyima mtaji, na wajukuu zako pia.

Na Sam Ntiro je? Wangapi humu mnamjua? Mchoraji wa Machame, Kilimanjaro, aliyefundisha Makerere, kisha akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Museum of Modern Art kule New York, na jina lake kamili limeandikwa. New York wanalijua jina la Ntiro. Manzese hatulijui. Mimi mwenyewe nimelijua nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa bahati, katika kitabu kikuukuu nilichonunua chini pale Posta. Shule nzima niliyosoma hakuna aliyenitajia.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa mauaji ya vita vya Majimaji, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Mwishoni mwa mwaka 2024 kule Berlin, katika jumba la Humboldt Forum, yakafunguliwa maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa letu. Ni mambo mazuri. Tunawaambia Wajerumani: hayo mafuvu na vitu mlivyochukua vina wenyewe, vina majina, tafuteni mrudishe. Tuna haki kabisa. Lakini sauti hiyo itakuwa na nguvu gani ikiwa mjini kwetu, mwaka huu huu, tunaandika "hajulikani" juu ya kazi ya mzee aliye hai umbali wa daladala moja? Mjerumani anaweza kutujibu kwamba ametufuata sisi wenyewe. Nyani haoni kundule.

Sasa nageukia upande wetu.

Waandishi wenzangu, sisi ni mabingwa wa kulalamika. Kijiweni kwetu hatumalizi saa moja bila kuwasema wachapishaji: hawasomi miswada yetu, wanataka vitabu vya kiada tu, wanatufungia milango. Yote kweli. Lakini nauliza, ni nani kati yetu aliyewahi kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu picha moja? Au kinyago kimoja? Tunaandika riwaya za jiji hili, ndani yake mna polisi, mna mapedeshee, mna changudoa, mna mganga. Mchoraji hamna. Mchongaji akitokea, ni mlevi wa kupitisha kichekesho. Halafu tunasema Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia uchoraji. Kitayapata wapi ikiwa wenye kalamu hatuingii hata mlangoni? Mpira wa miguu ulikuja na Kiingereza chake, watangazaji wetu wakaketi wakaugeuza, leo kiungo mkabaji na mshambuliaji wa pembeni ni maneno ya mtoto wa darasa la pili. Hakuna kamati iliyosubiriwa. Walitazama mchezo wakasema walichokiona.

Na sisi tufanye hivyo. Napendekeza mambo manne, wala hayahitaji mfadhili.

Mosi, kila mmoja wetu aende kwenye maonyesho mamoja kila mwezi. Yapo. Kuna Makumbusho ya Taifa, kuna Kijiji cha Makumbusho, kuna Nafasi pale Mikocheni iliyoanza mwaka 2008, kuna mabanda ya Mwenge na Oysterbay ambako huhitaji kadi wala kola. Ukizuiwa getini, rudi. Mimi nilirudi.

Pili, uandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu kitu kimoja tu ulichokiona: kimetengenezwa na nini, kinasemaje, umekipenda au hukukipenda na kwa nini. Uulete humu. Mhariri akikosa nafasi, tutazunguka na kurasa zetu mkononi.

Tatu, ukiona neno "hajulikani", usilipite. Uliza kwa adabu: mlimuuliza nani? Ukipata jina, peleka kwa maandishi, kwa Kiswahili, ubaki na nakala. Barua moja inatupwa. Barua hamsini zina uzito wa kuchosha mkono wa anayezitupa.

Nne, kwa wenye majumba wenyewe, kama gazeti hili linawafikia: wekeni Kiswahili ukutani, juu ya Kiingereza au chini yake, sitawagombeza. Fungueni ufunguzi kwa wote kama mlivyotangaza, au msiseme wote. Na kabla hamjatundika kazi, tembeeni mkaulize jina. Mkishindwa, andikeni mlipoulizia.

Kama mtu ataniambia haya ni makubwa mno kwa mtu wa kidato cha nne, sawa. Lakini mimi nina sababu yangu. Nina kauntabuku tatu. Usiku mwingine nikiandika nafikiria siku moja mtu atayaokota maandishi haya sandukuni, ayapende, ayachape, na juu yake aandike: Dar es Salaam, karne ya 21, kalamu ya wino, mwandishi hajulikani. Na chini yake jina la aliyeyaokota. Nikifikiria hivyo usingizi unakata.

Siku ile ya Jumamosi nilipotoka kwenye maonyesho nilipitiliza hadi Mwenge. Nikamkuta mjomba ameketi chini, kipande cha mpingo katikati ya miguu, miwani imefungwa kwa uzi. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anachonga zaidi kwa kupapasa. Nikamweleza yote: geti, taa, vijimeza vyeupe, kikaratasi. Nilitegemea atakasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kile kidole hakijavunjika?"

"Hakijavunjika, mjomba."

"Na wamekiweka mbali na kile chombo cha baridi? Mpingo ukipigwa na upepo ule mkavu unapasuka, mwanangu. Uwaambie."

Nikamwambia nitawaambia. Nikaongeza kwamba nitaandika gazetini, nitalitaja jina lake wazi, watu wote walione. Akatikisa kichwa. "Usiandike. Humo gazetini mimi sikukosewa. Jina langu liandikwe pale lilipokosekana."

Ndiyo maana, wasomaji, mmesoma hadi hapa bila kulipata. Nimeliandika kwenye barua ya pili, kwa Kiswahili, pamoja na habari ya kiyoyozi, na nakala ninayo. Mnamo Jumamosi ijayo nitaipeleka mwenyewe kwa mkono, nikiwa na malapa yangu.